Volti Sita Kwenye Kolekta

Yerevan, katikati ya baridi. Umeme ni saa moja kwa siku
na saa yenyewe hatuijui.
Tumeshachoma mbao za sakafu ya chumba cha kaka.
Chuma cha kulehemu nakipasha motoni humo humo,
kati ya kipande cha mlango na soli ya kiatu.

Sikio halilali na njaa, husemwa.
La bibi Hrachuhi limelala nayo miaka sita.
Vardges, kabla ya kwenda Krasnodar kutafuta kibarua,
aliniachia kopo la vikorokoro na daftari moja.
"Mtengenezee, Nazeli." Basi.

Transista ya kwanza niliiunguza.
Niliipa beisi volti zote kumi na mbili
za betri ya gari lisilo na petroli,
nikidhani atakaye sauti kubwa hutoa kikubwa.
Ikatoa uzi wa moshi, harufu ya ukucha.
Ya pili, kwa woga, sikuipa kitu.
Nayo haikunipa kitu.

Pembeni mwa ukurasa, kwa penseli, mwandiko wa kaka:
*Haina nguvu hii. Nguvu ni ya betri. Hii ni bawabu tu.*

Nikakaa na neno hilo mpaka mshumaa ukaisha.

Bawabu wa rangi ya chungwa, mdogo kuliko punje ya mahindi.
Ukimgusa beisi kwa unyoya, anafungua lango la fahali.
Lakini sauti ina kupanda na kushuka:
lango likiwa limefungwa, kushuka kunapotea;
likiwa wazi kabisa, kupanda hakuna pa kwenda.
Basi liache nusu wazi kabla mgeni hajabisha.
Rezista mbili kwenye beisi, moja juu, moja chini;
moja kwenye emita, ya kumtuliza akipata joto
(mimi mwenyewe ningeitaka hiyo);
na kolekta, mita ikisoma sita,
nusu ya kumi na mbili,
sita na nukta moja, haidhuru.

Jambo moja lilinikosesha usingizi:
beisi ikipanda, kolekta inashuka.
Kila neno linatoka kichwa chini, miguu juu.
Je, bibi atasikia dunia iliyopinduliwa?

Nilimpachika kisikizi. Nikaunganisha waya.
Akanyamaza. Akaangalia jiko, kuni zikialika.
"Unapumua kwa mdomo," alisema.
Kisha akainua kidole juu, darini:
kwa kina Sirvard misumari ilikuwa inang'oka,
mmoja, kimya, mmoja,
na ubao ukalia.

"Na wao wameanza sakafu," bibi alisema,
akachomoa kisikizi, akakifuta kwa aproni,
akanirudishia.
"Zima. Tusimalize betri."