Eti Tatu za Pongwe

Kazi yangu kuhamisha maneno ya watu
kutoka Kiswahili cha Mahakama ya Mwanzo
kwenda Kiingereza cha majaji wa rufaa.
Chumba cha nyuma, Chumbageni, dirisha moja,
feni ya mapanga mawili; la tatu liko kabatini.
Nalipwa kwa ukurasa.

Miaka kumi na minne, nimejua hivi:
Kiingereza kikitaka kubeba kauli ya mtu
hutanguliza kitenzi, kisha huchomeka *dhat*,
kijineno kikavu, kama kizingiti:
alisema dhat, aliona dhat, aliapa dhat.
Ukikiruka, umo ndani ya kichwa cha mwenzio.

Wenyewe wakiwa sokoni, au mezani na watoto wao,
hukimeza bila hata kutafuna.
Nasi pia: nadhani kaondoka, najua wanidanganya,
nani ana haja ya *kwamba* na chai inapoa?
Ila kwenye jalada sikimezi.
Kwenye jalada kila mlango na kizingiti chake.

Akaja Bi Mwanamgeni, wa Pongwe,
kesi ya kiwanja, minazi saba na kisima kilichofukiwa,
kaja na mjukuu wake Riziki, wa kidato cha tatu,
amsomee alichokisema yeye mwenyewe.

Riziki akafuata mstari kwa kidole, akirudisha kwa Kiswahili:
"Shahidi anasema kwamba Kihiyo alimwambia
kwamba baba yake alikinunua,
kwamba karatasi anazo,
kwamba zimeliwa na mchwa."

Kimya. Feni ikakwaruza.
"Eti zangu ziko wapi?"
Zipi, bibi?
"Nilizitoa tatu. *Eti* babake alikinunua,
*eti* karatasi anazo,
*eti* zimeliwa na mchwa.
Mbona umemfanya mkweli?"

Nikamweleza, kwa adabu ya ofisi,
Kiingereza hakina eti.
Dhat ni dhat: hupitisha kweli, hupitisha uzushi,
haikunji uso.
Akanitazama kama mtu aliyeambiwa kuna nchi haina chumvi.
"Maskini. Sasa wanasutanaje?"

Kwa vitenzi, bibi.
Nikachukua kifutio cheupe, kile cha chupa,
nikafuta *alimwambia*, nikapuliza, nikaandika *alidai*.
Shaka ikahama, ikatoka kwenye kijineno
ikaenda kukaa kwenye kitenzi,
kama mgeni aliyebadilishiwa chumba usiku.
La pili nikaandika *alishikilia*.
La tatu lilinichukua mpaka adhana ya adhuhuri:
*alitaka aaminiwe kwamba zimeliwa na mchwa*.

Riziki akasoma tena. Bibi akasikiliza
kichwa kakiinamisha, kama anayeonja mchuzi wa jirani.
"Afadhali. Lakini dai ni la wakubwa, lina muhuri.
Eti ni ya mdomo, inabetuliwa."
Akaibetua, nione.
Nikaangalia mashine yangu ya chapa, herufi zote zimepangana,
hakuna hata moja ya kubetua mdomo.

"Weka hivyo hivyo," akasema, akifunga kanga,
"ila ujue umenipunja."
Mlangoni akamwuliza Riziki kama shuleni wanafundishwa haya.
Riziki akasema wanafundishwa kujaza nafasi zilizoachwa wazi.

Jioni nilipika wali, nikaufunika kwa sahani.
Saa tatu na robo simu ikalia, mume wangu:
"Gari limeharibika Segera. Nalala huku."
Ndivyo alivyosema. Hakuna kwamba, hakuna dhat,
hakutanguliza naapa wala nadhani,
sentensi tupu, haina kitenzi cha kuishika mkono.
Nyuma yake mtu alicheka, au ilikuwa redio.

Nikasema sawa, pole na safari.
Nikafunua wali, nikala nusu, nikazima taa,
nikabetua mdomo gizani, taratibu,
kama nilivyofundishwa mchana:

*eti*
limeharibika Segera.