Elmi

Mashine tumeikodi kwa Ulysse, nusu siku,
dola sabini, petroli juu yetu.
Saa kumi jioni iwe imerudi.
Alphée ameivuta kwa pikapu yake
hadi chini ya kilima, pale elmi ya baba ilipolala
tangu Machi, ilipokwisha kufa kwa wadudu wake.

Kaka yangu hasemi. Nami sisemi.
Mwaka wa sita sasa, tangu mwanasheria wa Moncton
alipochora mstari katikati ya shamba
na kisima kikaangukia upande wangu.

Mepo tuliichanja kwa shoka tungali watoto:
pigo moja, kah!
vipande viwili vikaanguka huku na huku
kama watu waliokwisha kuelewana.
Elmi haina mstari.
Nyuzi zake zilianza kusokotana tangu mche,
za kulia zikapita kushoto, mkonge juu ya mkonge;
shoka linazama na kubaki, kama lililokaribishwa.
Baba aliwahi kuacha kabari tatu ndani ya gogo moja,
akatukana mpaka kuku wakanyamaza,
kisha akalifanya kiti.

Injini inanguruma. Gogo la kwanza
tunalibingirisha pamoja, maana halibebwi na mmoja.
Yeye kwenye wenzo, mimi kwenye gogo.
Na hapo ndipo tunaponaswa:
mwenye wenzo havioni vidole vya mwenye gogo.
Lazima mtu aseme.

"Bado," nasema.
Miaka sita, na neno lenyewe ndilo hilo.
"Bado. Bado. Haya."

Pistoni inasogea bila hasira, bila haraka,
kama mdai anayejua deni litalipwa.
Mti unalia. Si mlio wa kuvunjika,
ni wa turubai zito likichanwa na mtu mwenye subira.
Maji yanachuruzika kwenye chuma,
harufu inapanda, chachu,
ya maziwa yaliyosahauliwa dirishani.
Kabari inafika mwisho wa safari yake
na gogo bado ni moja:
limefunguka kama kitabu, uti wake haukukatika.
Nyuzi nyeupe zimekaza katikati,
ukizigusa zinatetema.

"Rudisha," nasema. "Tuligeuze."
"Lishike chini kabisa," anasema yeye.
Sauti yake imekuwa ya baba.
Hakuna aliyeniambia.

Tunageuza, tunasukuma, tunarudisha.
Panapogoma anainama na kishoka kidogo,
anakata uzi mmoja mmoja, kama anayekata kitovu,
na naona kidole chake: alama nyeupe ya pete,
pete haipo.
Siulizi. Naye haangalii ninapoangalia.
Rundo linakua, baya, lenye manyoya;
si kuni za kumwonyesha jirani.

Kwenye gogo la kumi na moja au la kumi na mbili
anasema, "Kile kisima..."
na injini inameza yaliyobaki.
"Nini?"
"Nasema toa mkono."

Saa tisa na nusu, gogo la mwisho, lile la shina,
linapanda juu ya kabari na kukataa kushuka.
Pistoni inarudi peke yake, mikono mitupu.
Tunapiga nyundo. Tunavuta, yeye huku, mimi kule,
visigino vikichimba matope yenye barafu.
Tunalitukana kwa maneno ya baba,
kwa mpangilio uleule, bila kukosea hata moja.
Halitoki.

Basi tunaipeleka mashine hivyo hivyo,
gogo limekaa juu yake kama bibi harusi,
na mimi ndani ya pikapu, kwa kuwa kulitoa kunahitaji watu wawili.
Redio yake imeharibika. Barabara ya Memramcook ni ndefu.

Ulysse anatoka nje, anafuta mikono, anazunguka mara moja.
"Elmi?"
"Elmi," tunajibu, wote wawili,
na tunamlipa dola kumi za kuchelewa,
tano tano.