Kijiti cha Oili

Alifika Matamba Jumanne, pamoja na ukungu,
Bwana Rweyongeza, viatu vya ngozi vimelowa chapachapa,
akasema amepanda kona hamsini na saba kutoka Chimala
akizihesabu moja moja.
"Sisi hatuhesabu," nikamwambia. "Tunapiga honi."

Alifuata Landrova ya baba.
Si gari zima. Magari mazima anayo:
la kijani, la rangi ya maziwa, na moja la zimamoto
lisilowahi kuona moto,
yamepangwa Boko chini ya turubai kama maharusi.
Alitaka vikorokoro.

Nikafungua banda. Wakatangulia kuku,
ikafuata harufu: grisi, pareto kavu, baridi ya bati.
Nikalishusha debe
ambalo baba, Ndelwa Sanga, dereva wa ushirika,
aliliita benki.

Akavaa miwani. Akapiga magoti, na suruali ile!
Akawa anavitaja kimoja kimoja, kwa sauti ya chini,
kama mtu anayesoma majina ya marehemu wa ukoo:
nembo ya mbele, kona moja imekunjika;
kioo cha pembeni;
kitabu cha mwongozo, na kwenye ukurasa wa giaboksi
dole gumba la baba, jeusi, zima,
limetulia kuliko lile la kadi ya kura.
Akaingia ndani, akagusa kirungu chekundu cha gia ndogo
na cha manjano kinachoamsha magurudumu ya mbele,
vyote vimelambwa na kiganja
mpaka vimekuwa peremende.

"Hiki laki mbili. Hiki, tuseme themanini."
Nikamwacha. Mgeni akihesabu vya kwako
ndipo unajua ulikuwa navyo.

Kisha akaibuka na kijiti.
Mwanzi, urefu wa mkono, nusu yake mweusi,
mikato miwili ya kisu.
"Na hiki?"

Nikamweleza. Masika yale, baba anashuka Kitulo
na magunia ya pareto, na mwalimu mgonjwa juu ya magunia,
akasimama kupima oili,
kijiti cha kiwandani kikamponyoka, tope likameza.
Akapapasa mpaka vidole vikafa ganzi.
Akateremka kwa miguu hadi inapoanza mianzi,
akakata mmoja kwenye shamba la ulanzi la mtu,
akaacha sigara tatu kwenye kisiki.
Mkato wa juu: imejaa. Wa chini: omba Mungu.
Miaka thelathini na mmoja injini ikapimwa kwa mti wa pombe.
Watu wakasema ndiyo maana inapiga kwikwi mlimani.

Rweyongeza akacheka. Halafu akaacha kucheka.
Akaiweka nembo chini.
"Hiki nakupa laki tano.
Hivyo vingine ninavyo. Hiki hakimo kitabuni."

Laki tano.
Nina mtoto Mbeya, hosteli inamdai.
Bati la banda linavuja pale pale juu ya usukani.
Nisifiche: nilimeza mate.

Baba hakuniachia wosia wa kutunza gari,
hakuwa mtu wa maneno hayo.
Siku ile, midomo imekauka, alisema tu,
"Yusta, usiwashe kabla hujapima."

Nikamuuzia nembo. Nikamuuzia kioo.
Kitabu pia, ila ukurasa wa dole niliuchana kwanza;
akaruka kama nimechana noti.
Kijiti nikakishika mwenyewe,
mkono wa nyuma, kama mtoto aliyeficha muwa.

Akaondoka bila kinyongo. Ukungu ukamfunika.
Kwenye kona ya kwanza nikamsikia:
alipiga honi.

Nikainua boneti.
Nikachomeka mwanzi, nikachomoa, nikafuta kwa pindo la kitenge,
nikachomeka tena, taratibu, kama alivyonifundisha.
Oili ilisimama kati ya mkato na mkato.
Nyeusi, lakini imo.

Nikaanza kutafuta hendeli.