Sentimita ya Arobaini na Mbili

Barafu ya Februari ilikuwa shubiri mbili unene.
Tarmo akaitoboa kwa keekee, tundu la kupita sufuria,
nami nikashusha bomba.
Maji ya Kaarnajärv hayamfiki mtu kidevuni;
tope lake lingemmeza yeye na nyumba yake.

Bomba likatoka limejaa:
juu jeusi kama masizi, katikati kijivu,
chini kabisa rangi ya maziwa yaliyoganda.
Mama alikuwa amekuja na chupa ya chai.
"Hilo tu, Helve? Matope?"
Matope, mama.

Tuliyakata kama mkate, sentimita kwa sentimita,
kila kipande na mfuko wake, na namba yake.
Kisha darubini, hadi shingo ikakakamaa:
diatomu, vigae vya kioo visivyojua kuoza,
magamba ya viroboto-maji,
mbegu za mwani-mawe zilizojisokota kama skrubu za saa.
Kwenye kumi na tisa, sesiamu:
mvua ya Chernobyl, imelala pale ilipoangukia.

Baba alikufa akililaani banda la nguruwe
la shamba la ushirika. Barua kumi na saba,
kwa wilaya, kwa wizara, kwa gazeti.
"Kabla ya nguruwe ungeangusha sindano ukaiona."
Nakiri: nilikuja kumtafutia ushahidi.

Na nguruwe wamo. Kuanzia thelathini kwenda juu
fosforasi inafura kama uji uliosahauliwa jikoni.
Mkuki kwa nguruwe, tunajua, ni mtamu.
Lakini mwani-mawe haukuwangoja.
Ulikoma kwenye arobaini na mbili,
chini ya nguruwe, chini ya vita,
pale mchanga unapoingia ghafla na chavua ya nyasi za malisho:
mwaka wa ishirini na nane,
toa miaka sita, au ongeza.

Mwaka ule babu Juhan na majirani wanane
walichimba mtaro, wakalishusha ziwa,
wakapata malisho.
Picha ipo ukutani. Amesimama mtaroni, anacheka,
buti zimejaa maji.
Maziwa ya malisho yale alikulia baba.
Nimekulia mimi.

Nilihesabu upya. Nikampa Tarmo ahesabu
bila kumwambia ninachoogopa.
Akaleta namba zile zile.

Novemba nikamwambia mama. Alikuwa akimenya viazi.
Alinyamaza mpaka kiazi kikaisha mkononi.
"Basi baba yako alikuwa mwongo."
Hapana. Sindano aliiona mama yake,
kabla yeye hajazaliwa. Yeye alirithi macho tu.

Akainuka, akaifuta picha kwa aproni,
akaitundika tena, imepinda kidogo,
kisha akauliza mwaka huu umeweka kiasi gani.
Milimita tano, nikasema, pengine sita.
"Na sisi tumo?"
Nikachukua kisu cha pili, nikaketi, nikamenya.