Nani Alikohoa

Dakika ya pili, sekunde ya kumi na tisa,
piano ikiwa imeshusha pumzi,
mtu anakohoa.
Mara moja tu. Kavu. Kama mlango wa kabati.

Kwa miaka kumi na mmoja, hapa Katowice,
tuligombana juu ya kikohozi hicho.

Dukani kwa Halszka, chini ya ngazi, nyuma ya kituo cha tramu,
palikuwa na daftari la hesabu, jalada jekundu,
limefungwa kwa kamba kaunta lisiibwe
(iliyoibwa ni kalamu, kila wiki).
Ununue santuri, usinunue, uliandika.
Atakayekuja kesho atakujibu.
Hivyo ndivyo nilivyomjua Bożydar:
mwandiko kwanza, herufi zimeinama kama watu kwenye upepo,
sura baadaye.

“Ni mpiga ngoma,” aliandika. “Sikiliza kifua.
Huyo amevuta sigara nne kabla ya kupanda jukwaani.”
Nikamjibu: “Ni mwanamke, safu ya tatu, ana mafua.
Mimi natengeneza meno ya bandia, bwana,
nimeshinda vinywani mwa watu. Usinifundishe.”
Wiesia, kwa wino wake wa kijani, akasema ni mpiga piano mwenyewe
anazuia kilio.
Tymek, miaka kumi na mitano, akadai ni vumbi.
Tulimchapa kurasa nne.
Akarudi Jumamosi na santuri tatu za maduka matatu,
zote zikakohoa.
Tangu siku hiyo tulimwita kwa jina.

Bożydar alichochea tanuri hospitali ya watoto.
Aliingia na theluji mabegani, masizi kuchani,
tukanywa chai kwenye glasi, tukazungumza goti lake, bei ya viazi.
Kikohozi, kamwe.
“Kiandike,” alisema. “Ubishi wa mdomo hauna ukurasa.”

Hatukuvunjwa na ugomvi. Hakuna aliyebamiza mlango.
Wiesia alinunua simu, akapiga picha ya jalada,
mioyo thelathini kabla chai haijapoa.
“Huku wanajibu upesi,” alisema, na kweli,
walijibu kama mvua juu ya bati,
wakakauka vilevile.
Tymek alihamia Wrocław.
Tarehe zikaanza kuachana daftarini:
wiki, mwezi, majira.
Ukurasa wa mwisho ni mwandiko wa Halszka: *Kuna mtu?*
Chini yake, hesabu ya sukari.

Pale sasa wanauza vifuniko vya simu.

Juzi, ndani ya tramu, simu ikanichezea wimbo ule
bila kuombwa. Ilidhani nitaupenda.
Nikasubiri. Sekunde ya kumi na saba. Ya kumi na nane.
Kimya laini, kama shuka la hoteli.
Nikarudia mara nne, nikapitiliza kituo changu.
Wameusafisha. Wamekifuta kama doa.

Husemwa pendo ni kikohozi, halifichiki.
Hawa wamelificha.

Nikataka kumwambia mtu mmoja, yule yule mbishi.
Nikamtafuta humo humo simuni, nikampata:
picha yake, mshumaa, maneno ya mpwa wake, ya mwezi Machi,
kati ya keki ya mtu na paka anayecheza.
Mioyo sabini.
Kidole gumba kikabonyeza kabla sijafikiri.
Sabini na mmoja.
Kisha picha ikapanda juu, ikaenda zake.

Usiku nimeitoa santuri yangu, iliyochakaa ukingoni.
Sindano. Mchanga wa miaka. Piano inashusha pumzi.
Anakohoa.

Nimegeuza risiti ya plasta ya meno, nimeandika nyuma:
Bożydar, huenda ni mpiga ngoma.
Huenda.
Lakini ana mafua.