Kipande cha Soseji

Desemba, kandokando ya Danubi,
barafu imekaza matope ya uani.
Bibi Sevastița ananingoja langoni,
hajavaa hata koti.
"Daktari, hajala tangu Jumanne.
Huyu! Aliyekuwa akitaka kula hata ndoo."

Nilimkuta kalala ubavu, kilo mia na sabini,
pua imezama kwenye nyasi kavu,
masikio yamepata rangi ya zabibu zilizopitiliza kuiva.
Kipimajoto: arobaini na moja na nusu.
Nikajua. Sikusema.

Nikauliza amemlisha nini.
Maganda ya viazi, akasema, boga, pumba,
na kipande cha soseji aliyoileta Costel,
mwanawe, anayejenga nyumba za watu ughaibuni.
"Ilikuwa na chumvi mno kwa meno yangu."

Kirusi hakina miguu, Bibi.
Kilipanda basi ndani ya begi la zawadi,
kikavuka mipaka mitatu bila pasi;
chumvi haikukiua, moshi haukukiua.
Kooni kikawatafuta askari wa damu,
wale wanaomeza kila mvamizi,
kikakubali kumezwa.
Ndio ujanja wake wote:
tumbo la askari likawa kiwanda,
kikajinakili, kikajinakili,
mpaka askari akapasuka
na waliotoka wakawafuata wenzake.
Kisha mishipa ikaanza kuvuja kama paa bovu,
bandama ikavimba, ikawa nyeusi tii.

Chanjo? Hapa sina.
Binadamu hakimdhuru, nilimwambia kwa sauti yangu ya kazi.
Akanitazama.
"Hakinidhuru?"

Jikoni beseni la kuoshea matumbo lilikuwa tayari,
pilipili nyekundu zimetungwa ukutani,
kisu kimenolewa kwa ajili ya sikukuu.

Saa nane wakaja watu wa mavazi meupe,
na chokaa, na karatasi ya kutia sahihi.
Wa jirani pia, wazima kabisa, wakipiga kelele.
Bibi aliomba dakika moja;
akamkuna nyuma ya sikio, pale pale palipogeuka zambarau,
akimwita jina ambalo sitaliandika kwenye ripoti.

Jioni nilikuwa naosha buti kwa dawa
simu ilipolia ndani.
"Costel? Aa, mwanangu, mafua tu.
Nguruwe?"
Brashi yangu ikasimama.
"Yupo. Amenona.
Ile soseji yako? Nimeila yote."