Tangulia Wewe

Kadi mbili, Mwanakombo kazifunga kwa mpira wa nywele:
ya serikali, na ya kazini kwake,
yadi ya makontena, Changamwe.
Jumanne, Alhamisi, Jumamosi
twazitoa dirishani, Tononoka,
kabla mashine haijanionja damu.

Ya serikali yasema: mwenye mwajiri, mwajiri atangulie.
Ya mwajiri yasema: la hasha, serikali kwanza,
sisi twajazia pengo.
Waungwana wawili mlangoni,
tangulia, wallahi tangulia wewe,
na mwenye nyumba yuko ndani, avimba miguu.
Neno lenyewe nalichelea:
kwetu aliyetangulia husomewa Yasini.

Karani Nzaro si mbaya. Apiga simu Nairobi,
asikiliza muziki, atwambia fomu imekosa muhuri.
Mke wangu atoa muhuri mkobani.
(Aliuazima ofisini. Msimuulize.)

Usiku ahesabu kwa kidole juu ya kitambaa cha meza:
hizi zao, hizi zetu,
kikomo cha kazini kitakatika Oktoba.
Meneja humtukana; yeye humeza.
Alitaka kuacha, afungue duka la nguo za watoto.
Halitaji tena.
Najua nimekuwa mstari
kwenye hati yake ya mshahara.

Kisha taa huzimwa,
naye hulaza sikio kwenye mkono wangu wa kushoto,
pale daktari alipounganisha mishipa,
panaponguruma kama friji kuukuu.
"Yapiga," asema,
na kabla sijamjibu
katangulia yeye kulala, na baibui lake mwilini.